SOMO LA MWEZI: MSUGUANO, rafiki wa breki na adui wa mashini



Mwezi huu tunawaletea somo juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu anakutana nalo toka asubui anapovaa sapatu mpaka magaribi anapofunga mulango. Jina lake ni msuguano. Watoto wanalisoma katika fizikia, wanaandika kanuni mu kaye, kisha mtihani wanasahau. Lakini sisi wakulima tunalipa msuguano kwa franga kila wiki, hata kama hatujui jina lake. Someni somo hili pamoja ku mkutano, mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na waulize. Majaribio yote tunayoeleza yanaomba vitu ambavyo koperative iko navyo tayari: ubao, kamba, gunia na mizani ya kutundika.

MAZUTU INAENDA WAPI?

Tuanze na habari ya koperative moja ya upande wa Kabare, ambayo tuliitembelea. Wanachama walinunua mashini ya kusaga mihogo na mahindi kwa michango yao wenyewe. Mbele, bidoni moja ya litri 20 ya mazutu ilikuwa inamaliza wiki mbili. Kisha ikaanza kumaliza siku nane tu, na magunia ya kusaga hayakuongezeka. Mkutano ukaitwa. Watu wote wakamwangalia yule papa mwenye kuongoza mashini.

— Papa, mazutu iko naenda wapi? mama prezida akamuuliza.

— Mama, mi siuzishe mazutu. Ni mashini njo iko nakunywa.

— Mashini ni ile ile ya mwaka jana. Mbona mwaka jana haikunywe vile?

Papa akakosa jibu. Wengine walitaka kumfukuza siku ile ile. Kwa bahati, mama mmoja mwenye kuuza unga akasema: «Tumuhukumu mutu kiisha kuangalia kwanza mashini.» Tukaenda kuangalia. Chini ya mashini kulikuwa vumbi nyeusi, kama masizi, na harufu ya mpira wa kuungua. Mikanda yenye kupeleka nguvu toka injini mpaka kwenye mashini ilikuwa inang'aa pembeni kama kioo. Na upande wa kushoto, pale chuma kinazungukia, ulikuwa moto hata mkono haukae.

Walinunua mikanda mipya, wakabadilisha rulema moja, wakatia grese. Kisha wakafanya kazi moja ambayo hawakuwa wanafanya mbele: wakaanza kuandika mu kaye kila bidoni na kila gunia. Bidoni ikarudia kumaliza karibu wiki mbili. Papa hakuwa mwizi. Kidogo tu wangemfukuza mtu bure, mbele ya watoto wake.

Sasa angalieni vizuri. Katika mashini ile kulikuwa magonjwa mawili yenye kupingana. Ku mikanda, msuguano ulikuwa MDOGO sana, mikanda inateleza na injini inakimbia bure. Ku rulema, msuguano ulikuwa MKUBWA sana, chuma kinakula chuma. Ndiyo sababu hatuwezi kusema msuguano ni mbaya ao ni muzuri. Swali la kujiuliza ni hili: hapa ninautaka, ao siutaki?

MSUGUANO NI NINI?

Msuguano ni nguvu yenye kuzuia vitu viwili vyenye kugusana visiteleze kimoja juu ya kingine. Siku zote unavuta upande wenye kupinga ule mtelezo. Ukisukuma gunia kwenda mbele, msuguano wa sakafu unalivuta nyuma. Ukikanyaga njia kwa mguu na kuusukuma nyuma, msuguano unakusukuma wewe mbele. Bila huo hakuna mtu angetembea. Kila mwenye kupanda kutoka Kadutu siku ya mvua anajua: matope yakiondoa msuguano chini ya viatu, miguu inaenda na mwili unabaki.

Unatoka wapi? Chukua ubao uliopigwa randa vizuri, ao chuma chenye kung'aa. Kwa macho ni laini. Lakini kwa chombo cha kukuza vitu vidogo, utaona milima na mabonde, sawa na Walungu ukiiangalia toka juu. Vitu viwili vikikutana, havigusani mahali pote. Vinagusana kwenye ncha za ile milima midogo tu. Pale kwenye ncha, uzito wote unagandamiza mahali padogo sana, hata vitu vinashikana. Ili kimoja kiende, ni lazima kuvunja ile mishikano na kukwaruza njia. Ile kazi ya kuvunja haipotee. Inageuka joto, na sehemu yake inageuka vumbi. Sugua mikono yako kwa nguvu sekunde kumi: joto ni lile. Vumbi nyeusi chini ya mashini ya Kabare ni lile.

AINA ZA MSUGUANO

1. Msuguano wa kutulia. Tundika mizani yenu ya kupimia mavuno ku kamba ya gunia la kilo 50 lenye kulala ku sakafu, kisha vuta polepole kwa ulalo. Mizani inaonyesha 5, gunia halisogee. Inaonyesha 15, bado. Msuguano unaongezeka sawasawa na wewe unavyovuta, lakini uko na mwisho. Tuseme gunia linaanza kwenda pale mizani inafika 25. Ule ndio mwisho wake.

2. Msuguano wa kuteleza. Gunia likiisha kuondoka, mizani inashuka, tuseme mpaka 20. Kuanza ni kugumu kuliko kuendelea. Ndiyo maana watu wakisukuma kamyo iliyokwama wanahesabu «moja, mbili, tatu!» ili nguvu zote zifike kwa mara moja. Na likiisha kutembea, hawaache mpaka lifike.

3. Msuguano wa kuviringika. Weka gunia lile lile juu ya chukudu yenye magurudumu mazuri, ku njia ngumu na sawa. Hautavuta kilo 20 tena, utavuta kilo chache tu. Gurudumu haliburute, linakanyaga na kuinuka. Lakini mu matope ao mu mchanga gurudumu linazama, na kila wakati linapanda kilima kidogo lilichokifanya lenyewe. Hapo mzigo unakuwa mzito tena.

4. Msuguano wa maji na wa hewa. Mtumbwi kwenye Ziwa Kivu unasukuma maji, na maji yanaukatalia. Huu unaongezeka sana kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwenda mbio mara mbili kunaomba nguvu zaidi ya mara mbili. Mwenye mtumbwi wa motere anayekaza mwendo ili afike mbele ya wengine analipa ile haraka kwa esansi.

KANUNI MBILI ZA KUSHIKA

Mfaransa mmoja, Guillaume Amontons, alizieleza mwaka 1699. Mwenzake Charles-Augustin de Coulomb akazipima tena na kuziandika kwa upana mwaka 1785. Ni zile zile watoto wetu wanasoma mpaka leo.

Ya kwanza: msuguano unaongezeka sawa na uzito wenye kugandamiza. Magunia mawili yaliyopandana yanaomba nguvu mara mbili ya gunia moja.

Ya pili: upana wa mahali pa kugusana haubadilishe karibu kitu. Vuta tofali lililolala, kisha lisimamishe kwa ubavu na ulivute tena. Mizani itasoma karibu sawasawa. Watu wengi hawaamini mpaka wafanye. Sababu yake ni hii: likisimama kwa ubavu, mahali pa kugusana pamepungua, lakini kila mahali panagandamizwa zaidi.

Basi tunaweza kuandika hivi:

Nguvu ya msuguano = namba ya msuguano × uzito wenye kugandamiza

Kwa gunia letu la kilo 50 lililoondoka kwa kilo 25, namba ni 25 ÷ 50 = 0,5. Namba hii inatoka kwenye vile vitu viwili vyenye kugusana. Hizi ni namba za makadirio:

Mpira wa gurudumu ku gudro kavu: 0,7 mpaka 0,9
Mpira ku gudro yenye maji: karibu 0,4 mpaka 0,6
Mbao ku mbao: 0,25 mpaka 0,5
Chuma ku chuma bila mafuta: karibu 0,6
Chuma ku chuma chenye mafuta mazuri: karibu 0,1 ao chini yake

Angalieni mistari miwili ya mwisho. Mafuta kidogo yanapunguza msuguano kuwa sehemu moja ya sita. Grese ya franga kidogo inaokoa chuma cha dola nyingi.

Jaribio bila mizani. Weka tofali juu ya ubao. Inua upande mmoja wa ubao polepole mpaka tofali lianze kuteleza, kisha simamisha. Pima kimo kutoka chini mpaka ncha ya juu, pima pia urefu wa chini, ule wa ku sakafu. Gawanya kimo kwa urefu wa chini. Kama kimo ni sentimita 40 na urefu wa chini ni sentimita 100, namba ya msuguano ni 0,4. Kisha mwaga maji ku ubao, rudilia. Kisha paka sabuni, rudilia. Andikeni namba tatu. Jaribio hili ni dogo, lakini litatusaidia tukifika kwenye barabara na kwenye mlima.

KU MASHINI: PALE TUNAUTAKA NA PALE HATUUTAKI

Mikanda. Hapa tunataka msuguano. Mikanda mingi ya mashini zetu iko na umbo lenye kupungua kwenda chini, na inaingia kwenye mifereji ya puli. Inashika kwa PEMBENI, kama kabari inavyobanwa mu gogo. Haipaswi kugusa chini ya mfereji. Mkanda ulioliwa unashuka mpaka chini, unaacha kubanwa, unaanza kuteleza, unapata moto, unang'aa. Hapo injini inakula mazutu na mashini haisage.

— Zima injini kwanza. Kila mara. Mikanda inakata vidole. Nguo ndefu na vitambaa vya kujifunga havikaribie.
— Kwa kidole gumba, sukuma mkanda katikati ya puli mbili. Unapaswa kushuka kama sentimita 1 na nusu kwa kila mita ya urefu. Ukishuka sana, umelegea. Usiposhuka kabisa, umekazwa kupita, na utaua rulema.
— Usitie grese ao mafuta ku mkanda, hata tone. Wengine wanatia mchanga ili ushike: mchanga unakula mkanda na puli pamoja.
— Ukibadilisha, badilisha mikanda yote ya puli ile kwa mara moja. Mupya na mukuukuu hawabebe sawa, mupya utabeba peke yake na kufa upesi.

Rulema. Hapa hatutaki msuguano. Ndani ya rulema kuna tufe ndogo za chuma ambazo zinageuza kuteleza kuwa kuviringika. Vumbi ya unga ikiingia na grese ikakauka, tufe zinaburuta.

— Mashini ikizimwa, gusa upande wa nje wa nyumba ya rulema. Kama mkono unaweza kukaa pale, ni sawa. Kama unatoa mkono upesi, joto limepita kiasi, tafuta sababu leo, usingoje kesho.
— Grese kidogo kidogo, kwa siku zilizopangwa. Kujaza rulema mpaka inafurika ni kosa pia: grese nyingi inakorogwa na kuleta joto. Nusu ya nafasi yake, ao chini ya nusu, inatosha.
— Panguseni mdomo wa kutilia grese kwanza, la sivyo mnaingiza vumbi kwa mkono wenu.

Unga wenyewe. Nafaka inapopigwa na kusuguliwa mu mashini, unga unatoka na joto. Ni kawaida ukiwa vuguvugu. Ukiwa moto sana, nyundo za ndani zimeliwa ao chekecho limeziba, na nafaka inazunguka ndani bila kutoka. Kwa vyote, usifunge unga ungali moto mu gunia. Mvuke unabaki ndani, unageuka maji, na unga unashika kuvu. Mutandaze kwanza upoe, kiisha mfunge.

KU BARABARA: MTEREMKO WA NGOMO

Koperative nyingi zinapeleka mavuno kati ya Bukavu na bonde la Ruzizi kwa barabara ya taifa namba 5, ile yenye kupita Nyangezi na kushuka Ngomo mpaka Kamanyola. Kila mtu wa kwetu anajua vile Ngomo inavyomeza kamyo. Tueleze kwa hesabu kwa nini.

Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari. Kamanyola iko chini yake kwa karibu mita 500. Kamyo yenye tani 10, pamoja na mzigo, ikishuka mita 500, kuna nguvu kubwa ambayo ni lazima iishie mahali. Kama dereva anashika mwendo kwa breki peke yake, yote inageuka joto ndani ya breki. Joto lile lingetosha kuchemsha zaidi ya litri 140 za maji baridi. Wazia mapipa hayo ya maji ya moto, yote ndani ya vipande vichache vya chuma nyuma ya magurudumu.

Breki ni msuguano tu: kitu kigumu kinakandamizwa ku chuma chenye kuzunguka. Lakini namba ya msuguano haikae ile ile wakati wa joto kubwa. Breki ikipata moto kupita kiasi, inaanza kuteleza yenyewe. Na kwa gari zenye breki za mafuta, mafuta yanaweza kuchemka ndani ya bomba. Dereva anakanyaga, mguu unazama mpaka chini, na gari haisimame. Moshi na harufu ya kuungua zinafika mbele ya jambo hilo. Zile ni onyo la mwisho.

Tumesikia madereva wenye kusema: «Ku mteremuko mi natoa gia, nakula esansi kidogo.» Wandugu, ile ni kuuza uhai kwa litri moja. Ukitoa gia, injini haishike gari tena, breki zinabaki peke yake. Kanuni ni hii: gia ambayo ungetumia kwa kupanda ule mlima, ndiyo ya kushukia. Ingiza gia ya chini MBELE ya mteremko, juu kabisa, kwa sababu katikati inaweza kukataa kuingia. Tumia breki kwa vipindi: kanyaga vizuri, punguza mwendo, achilia zipoe. Hiyo ni kweli kwa kamyo, kwa teksi na kwa pikipiki pia. Chukudu iko na akili ile ile: mwenye nayo anakanyaga kipande cha mpira ku gurudumu la nyuma kwa vipindi, akiona mpira unatoa moshi anasimama.

Na koperative iko na kazi gani hapa? Ninyi ndio mnapakia. Tani zikiongezeka mara mbili, joto la breki linaongezeka mara mbili. Mukitia magunia 20 juu ya kiasi na watu kumi juu ya magunia, mmeandika ajali mbele haijafika. Kubali safari mbili. Na siku ya mvua kumbukeni ubao wenu wenye maji: namba imeshuka, basi umbali wa kusimama unaongezeka.

KU MLIMA: UDONGO NAO UNASHIKWA NA MSUGUANO

Sasa jambo kubwa kuliko yote. Mlima unasimama kwa nini? Udongo ni chembe nyingi, na chembe zinashikana kwa msuguano, na kwa udongo wa mfinyanzi kuna pia kunata. Mwaga mchanga mkavu chini: unafanya kilima, kisha ukiendelea kumwaga unateleza pembeni. Hauwezi kusimama zaidi ya mwinuko fulani, kama sentimita 60 mpaka 70 kwa kila mita ya upana. Ni jaribio letu la ubao, lakini lililofanywa na Mungu na mchanga.

Maji yanafanya nini? Watu wanasema yanapaka udongo kama sabuni. Ni kweli kidogo, lakini sababu kubwa ni nyingine. Funga jiwe ku mizani, kisha lizamishe mu ndoo ya maji: mizani inashuka. Maji yamebeba sehemu ya uzito. Mlima ukijaa maji, maji yenye kujaa katikati ya chembe yanabeba sehemu ya uzito wao, na chembe hazigandamizane tena kama mbele. Mnakumbuka kanuni ya kwanza: uzito wenye kugandamiza ukipungua, msuguano unapungua. Wakati ule ule mlima umekuwa mzito kwa maji yote iliyokunywa. Nguvu ya kuvuta imeongezeka, nguvu ya kushika imepungua. Ndipo unashuka.

Hatujasahau tarehe 4 Mei 2023 katika Kalehe, wakati mvua ilishusha maji, matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakafa. Walikuwa wakulima na wachuuzi kama sisi. Hakuna mtaro wa koperative ungezuia mvua yote ile. Lakini kuna mambo ambayo yako mu mikono yetu:

1. Pandeni majani yenye mizizi ya kushika, sawa setaria, tripsakumu ao vetiva, kwa mistari yenye kufuata ulalo wa mlima. Mizizi inafunga udongo kama fito zinavyofunga nyumba ya matope. Na mbuzi wanapata chakula.

2. Usichimbe mguu wa mlima ili upate parseli ao tofali. Ule udongo wa chini ndio wenye kusukuma nyuma na kushika wa juu.

3. Mitaro ya kushika maji ni mizuri kwa shamba la mteremko wa kawaida. Lakini pale mlima umeisha kupasuka, usishike maji pale: yaondoe, yapeleke pembeni mpaka kwenye njia ya maji yenye majani ao mawe.

4. Chungeni alama: nyufa mpya juu ya mteremko, miti yenye kuinama, milango yenye kuanza kukwama, chemchem mpya ao maji yenye kugeuka matope kwa ghafla. Ukiona hayo wakati wa mvua, toa watoto, toka, peleka habari kwa shefu na kwa majirani. Mbuzi utamrudilia kesho.

KITU KIMOJA CHA MWISHO: KAMBA KU MTI

Wakati wa kushusha gogo, ao kushika ng'ombe mwenye nguvu, usizungushe kamba ku mkono wako. Izungushe ku mti wenye kusimama imara. Kama namba ya msuguano kati ya kamba na mti ni 0,3, mzunguko mmoja kamili unakufanya ushike mzigo mara 6 ya nguvu yako. Mizunguko miwili, zaidi ya mara 40. Wavuvi wetu wanaijua siri hiyo wanapofunga mtumbwi ku mti wa kando ya ziwa. Kamba ku mkono inakata vidole, kamba ku mti inafanya kazi.

MAULIZO KWA MKUTANO

1. Mu koperative yetu, wapi tunautaka msuguano na hautoshi? Wapi hatuutaki na ni mwingi? Kila mtu ataje moja moja.
2. Nani ana kazi ya kugusa rulema na kuangalia mikanda, na siku gani? Andikeni jina mu kaye.
3. Bidoni moja ya mazutu inasaga magunia mangapi? Kama hakuna mtu anayejua, muanze kuandika kesho. Bila namba hiyo, hamwezi kujua kama mashini ni mgonjwa ao kama mtu anaiba.
4. Ni nyumba gani za wanachama ziko chini ya mlima wenye nyufa? Tutawaonya namna gani usiku, mvua ikinyesha?

Yule papa wa Kabare angali ku mashini yake. Kila Siku ya Posho, mbele ya kuwasha, anapita na kidole gumba ku mikanda na kiganja ku rulema, na mama prezida anasimama pale na kaye. Tulimuuliza kama hana hasira kwa vile walitaka kumfukuza. Akacheka.

— Hasira ya nini? Hata miye sikujuaka. Sasa tunajua wote.

Mtuandikie namba tatu za jaribio lenu la ubao: kavu, maji na sabuni. Tutazilinganisha za koperative zote mu toleo lenye kukuja. Kazi njema, na mshuke milima polepole.